Kijiti kinakimbia pamoja na mama, kituo cha afya kinabaki nyuma

Wananchi wenzetu wa Masisi na Walikale,

Tumezoea kuandika hapa juu ya barabara, maji, kodi za bariyeri na mauaji. Leo tunaandika juu ya kitu kidogo, chenye urefu kama njiti ya kiberiti: kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Wengine watauliza: vita inaendelea, watu wanakufa, na ninyi mnaongea planingi? Ndiyo, tunaongea planingi, na ni vita yenyewe inayotulazimisha kuiongelea.

Mnakumbuka namna mambo yalipita. Wamama wengi wa Masisi walikimbilia kambi za kandokando ya Goma: Bulengo, Lushagala, Rusayo na zingine. Kule kulikuwa vituo vya afya vya misaada, na kuko wamama waliowekewa kijiti huko. Kisha Goma ikaanguka mwisho wa Januari 2025, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa. Watu walibeba sufuria, godoro na watoto, wakarudi vijijini au wakaenda mahali pengine. Kijiti kilienda nao, ndani ya mkono. Muuguzi aliyekiweka hakuenda nao.

Sasa hesabu iko rahisi. Mwenye aliwekewa kijiti cha miaka 3 mwaka wa 2023, muda wake unatimia mwaka wa 2026. Nani atakitoa? Wapi? Kwa franga ngapi? Hilo njo ulizo letu kubwa leo. Lakini kabla ya kulifikia, tujibu yale maulizo yanayozunguka sokoni, kisimani na kanisani, sababu mtu asiyeelewa kitu hawezi kukidai vizuri.

"Hii kijiti njo nini, na inatumika namna gani?"

Ni fimbo ndogo laini, yenye dawa ndani. Inawekwa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, chini kidogo ya ngozi. Muuguzi anapiga kwanza sindano ya ganzi, kisha anaingiza kijiti kwa dakika chache. Dawa inatoka kidogo kidogo kila siku: inazuia yai kukomaa na kutoka, tena inafanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu ya mwanaume isipite. Haitoi mimba. Inazuia mimba isianze.

Kuko aina mbili ambazo wamama wengi wanazijua. Implanon ni kijiti kimoja, kimeandikiwa miaka 3. Jadelle ni vijiti viwili, vimeandikiwa miaka 5. Katika wamama 100 wanaotumia mwaka mzima, hata mmoja kwa kawaida hapati mimba. Hakuna haja ya kukumbuka kidonge kila usiku, wala kurudi kupiga sindano kila miezi 3. Kwa mtu anayeweza kuamka usiku na kukimbia, hiyo si faida ndogo.

Kikiwekwa katika siku 7 za kwanza tangu damu ya mwezi ianze, kinga inaanza mara moja. Kikiwekwa siku nyingine, muuguzi anahakikisha kwanza kwamba hakuna mimba, na mama anatumia kondomu siku 7. Mama anayenyonyesha anaweza kukitumia, hata kama amejifungua juzi.

"Inaweza kutembea mu mwili na kufika ku moyo?"

Kijiti kilichowekwa vizuri kinakaa pale kilipowekwa. Kinaweza kusogea kidogo sana, lakini unakigusa kwa kidole na kukipata. Ni mara chache sana duniani imeonekana kijiti kimeingia katika mshipa wa damu, na mara nyingi ni sababu kilichomwa kwa kina kupita kipimo. Njo maana muuguzi anapomaliza, mwambie akuonyeshe, nawe ukiguse mwenyewe kabla ya kutoka. Usipokisikia chini ya ngozi, usiende nyumbani ukanyamaza. Sema palepale.

Tena kijiti hakivunjiki juu ya kubeba kuni au kulima. Ukisha kupona kile kidonda kidogo, fanya kazi zako.

"Damu yenye haitoki, inajikusanya wapi?"

Haijikusanyi popote. Kila mwezi kizazi kinatengeneza tandiko la kupokea mimba, na mimba isipoingia tandiko linatoka kama damu. Kijiti kinafanya tandiko hilo kuwa jembamba sana, basi hakuna kitu cha kutoka. Si uchafu unaobaki tumboni.

Lakini hatutawaficha: mambo ya damu njo yanasumbua wamama wengi na njo yanafanya wengi wakitoe mapema. Mwingine damu inakatika kabisa, mwingine inatoka matone kila siku chache, mwingine siku zinarefuka. Wengine wanaumwa kichwa, wanapata chunusi, matiti yanauma au kilo zinabadilika kidogo. Miezi ya kwanza njo migumu zaidi, na kuko dawa ambazo muuguzi anaweza kutoa ili kupunguza damu. Mama anastahili kuambiwa haya yote kabla ya kuwekewa. Kumwambia "hakuna shida yoyote" ni kumdanganya, na siku damu itatoka wiki mbili atasimulia kijiji kizima, na atakuwa na haki.

Rudi kituoni bila kukawia kama damu inatoka nyingi sana, mkono umevimba na kutoa usaha, tumbo la chini linauma sana, au kichwa kinauma vikali pamoja na macho kuona giza.

Si kila mtu anafaa kukitumia. Mwenye ana kansa ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, damu iliyoganda katika mguu au mapafu, au damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana, aseme kwanza kwa munganga. Na anayekunywa dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, dawa fulani za kifafa, au efavirenzi kwa ajili ya virusi vya ukimwi, ajue kwamba dawa hizo zinapunguza nguvu ya kijiti. Muuguzi asipouliza, ninyi mwambieni.

"Nikiitosha, nitazala tena?"

Ndiyo. Kijiti kikitoka, dawa inaisha mwilini kwa siku chache, na mimba inaweza kuingia hata mwezi uleule. Kijiti hakiharibu kizazi. Kinachoharibu vizazi vya wamama wetu ni maambukizi yasiyotibiwa, mimba zinazotolewa kwa siri na vyombo vichafu, na kujifungua kandokando ya njia bila msaada. Binti ambaye hajazaa bado naye anaweza kukitumia. Uchunguzi wa taifa wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika mabinti 100 wa Kongo wenye miaka 15 mpaka 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Tusijifanye kama hatuoni.

"Bwana akikatala?"

Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayopanga mambo ya afya ya watu wote katika nchi yetu, inaomba bibi na bwana waliooana wapatane juu ya njia ya kupanga uzazi. Lakini inasema pia: wakikosa kupatana, neno la yule ambaye mwili wake unahusika njo linashinda. Na Mapatano ya Maputo, yaliyotangazwa katika Gazeti Rasmi la Kongo mwaka wa 2018, yanampa mwanamke haki ya kuamua idadi ya watoto, nafasi kati yao, na njia anayotaka.

Kwa hiyo muuguzi anayemrudisha mama nyumbani "kutafuta karatasi ya bwana" anaomba kitu ambacho sheria haimpi nguvu ya kuomba. Kwa wababa tunasema kwa heshima: mke aliyepumzika miaka 3 kati ya mtoto na mtoto si mke aliyewadharau. Ni mke mwenye nafasi kubwa ya kubaki hai. Uchunguzi uleule ulihesabu wamama 846 wanaokufa juu ya mimba na uzazi kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa wazima. Katika wake 100, 8 tu njo walikuwa wanatumia njia ya kisasa.

"Si mpango wa kutumaliza?"

Hili ulizo hatulicheki. Katika teritware ambako kila kabila linaambiwa kwamba lingine linataka ardhi yake, ambako watu wanahesabiana vichwa wakati wa uchaguzi na wanahesabiana maiti baada ya mapigano, ni kawaida mtu aogope kitu kinachopunguza uzazi. Na duniani kweli yalitokea mabaya: mwaka wa 1991 jaji mmoja wa California, Marekani, aliamuru mwanamke awekewe vijiti kama sehemu ya hukumu yake. Hofu hii ina mizizi.

Jibu letu ni hili: tofauti kati ya msaada na uonevu ni neno la mwanamke mwenyewe. Kijiti alichokichagua, akaelezwa mazuri na mabaya yake, na ambacho anaweza kukitoa siku yoyote bila kutoa sababu, ni haki. Kijiti alichosukumwa kukiweka, au anachonyimwa kukitoa, ni uonevu, hata kama aliyekiweka alikuwa na nia nzuri. Wanaotumaliza ni risasi, kolera, surua na barabara zisizopitika. Mama aliyezaa watoto 4 na wote 4 wakaishi hakupunguza kabila lake.

"Inanikinga na ukimwi? Na nikibakwa?"

Kijiti hakikingi na virusi vya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kondomu njo inafanya kazi hiyo.

Na tunajua kwa nini ulizo la pili linaulizwa. Katika Walikale hakuna aliyesahau Luvungi na vijiji vya kandokando: kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Ikiwa umebakwa, hata kama una kijiti, fika kituo cha afya mbele ya saa 72 kuisha, sababu dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi katika muda huo tu. Ambaye hana kijiti anaweza kupata pia dawa ya kuzuia mimba mbele ya siku 5, na ikiwa mapema njo vizuri zaidi. Siku hizo zikipita, nenda vilevile, kuko matunzo mengine.

Mama anayeweka kijiti sababu anaogopa njia ya kwenda shambani ana haki yake. Lakini nchi ambamo kijiti njo kinafanya kazi ya usalama ni nchi iliyoacha kazi yake. Hatutakubali mtu atuambie kwamba planingi ni jibu kwa ubakaji. Jibu kwa ubakaji ni usalama na hukumu.

"Miaka ikipita na sijapata wa kuitosha, itaniuwa?"

Hapana. Kijiti kilichopitisha muda hakigeuki sumu. Nguvu yake njo inapungua, basi mimba inaweza kuingia. Utafiti uliofanywa pamoja na OMS ulionyesha kwamba Implanon inaendelea kukinga mpaka mwaka wa 5, kwa hiyo mwenye amepitisha miezi michache asishikwe na hofu. Lakini tarehe ya karti njo ya kufuata: ikipita, tumia kondomu au sindano hata utakapofika kwa muuguzi.

Na tunaomba sana: usikubali mtu akukate na wembe nyumbani, wala usijikate mwenyewe. Kutoa kijiti kunahitaji ganzi, kisu safi, koleo ndogo na mkono uliofundishwa. Vikiwapo ni kazi ya dakika chache. Vikikosekana ni usaha, kovu, na kijiti kilichokatika kipande.

Hapa tumefika kwenye lile ulizo letu kubwa.

Kuweka kijiti kunapendwa na wengi. Kampeni inakuja, wanapiga hesabu, wanaandika: wamama hawa wamepata. Kutoa hakuna kampeni. Hakuna anayepiga picha ya kijiti kinachotoka. Mama anafika, anaambiwa: aliyefundishwa amehama, vifaa vimeisha, rudi wiki ijayo, au leta franga. Na rudi wiki ijayo katika Masisi maana yake ni milima, matope, bariyeri na watu wenye silaha. Adhabu ya kaburi, aijuaye maiti.

Mwaka wa 2025 uliongeza uzito. Januari M23 waliteka Masisi-centre. Tarehe 19 Machi waliingia Walikale-centre, wakatoka mwanzo wa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Wakati huohuo misaada ya Marekani ikakatwa. Mwezi wa Julai serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba imeamua kuharibu vifaa vya kupanga uzazi vya dola karibu milioni 9,7 vilivyokuwa katika gala huko Geel, Ubelgiji, na vijiti vilikuwamo. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizokuwa zinavitazamia. Kitu ambacho mama wa Nyabiondo au Pinga anakikosa, wengine wanaamua kukichoma moto.

Lakini tusilie Marekani peke yake. Kijiti ambacho mwaka wa 2013 kilianza kuuzwa kwa nchi maskini dola 8 na nusu, na kinafanya kazi miaka 3 au 5, si mzigo ambao nchi yenye koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie haiwezi kubeba. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua.

Kwa hiyo tunadai:

1. Zoni za afya za Masisi, Katoyi, Kirotshe, Mweso, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero zitangaze kwa radio, makanisani na misikitini ni vituo gani vina muuguzi anayejua kutoa kijiti, na siku gani anapatikana.

2. Kutoa kijiti kuwe bure, siku mama anapoomba, awe aliwekewa Bulengo, Goma au popote, awe na karti au aliipoteza akikimbia. Asiulizwe karatasi ya bwana.

3. Kila shirika au mpango unaoleta vijiti ulete pia ganzi, visu, glovu na mafundisho ya kutoa. Asiyeweza kupanga kutoa asianze kuweka.

4. Vijiti vilivyo kwa kina, visivyoguswa na kidole, vipelekwe katika hospitali kubwa kwa munganga mwenye ujuzi, na nauli ya mama isiwe mzigo wake. Hakuna kuchokonoa mkono wa mtu kwa kubahatisha.

5. Wote wenye silaha, wa upande wowote, waache dawa na waganga wapite bila kodi wala kunyang'anywa. Hospitali si kambi ya jeshi.

6. Kinshasa iweke franga zake mwenyewe kwa ununuzi wa vifaa vya kupanga uzazi na izitoe kweli, isisubiri gala la Ubelgiji.

Wakati tunasubiri, tusikae bure. Mama, piga karti yako picha na simu ya mtu unayemwamini. Huna simu, andika tarehe mahali pawili, kimoja ubaki nacho, kingine kikae kwa dada au rafiki. Jua jina la kijiti chako na mwaka wa mwisho. Kiguse mara kwa mara. Reko wa kijiji, uliza polepole ni nani muda wake unakaribia, na usitangaze jina la mtu. Vijana wenye moto, mama akisema anaenda kituo cha afya, mpunguzieni bei.

Na yeyote aliyerudishwa kituoni bila kusaidiwa, atuambie siku na mahali. Jina lake litabaki kwetu. Sisi tutapeleka hesabu mbele ya munganga mkuu wa zoni, na tutarudi mpaka apate jibu.

Mkono ni wake. Siku ya kuweka achague yeye, na siku ya kutoa achague yeye vilevile.

Tuko pamoja.